Sifuri Ilikuwa Yake

Kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, simu za ofisi yetu zililia moja baada ya nyingine, kuanzia ya getini mpaka ya mkurugenzi ghorofani. Ukipokea ulisikia neno moja tu: "Laini?" Nawe ulitakiwa kujibu neno moja: "Nzima." Ukisema haloo, alikata na kupiga tena. Ukimwamkia, alikata na kupiga tena. Salamu, alikuwa akisema, tutapeana ukipita mlangoni kwangu. Hapa napima waya.

Huyo ndiye Mzee wa Swichibodi. Jina lake lilikuwa kwenye daftari la mahudhurio, lakini sikumbuki kumsikia mtu akiliita. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, kidogo kiasi kwamba mlango ulifungukia nje. Mbele yake meza na simu ya namba sifuri, nyuma yake ukuta mzima wa nyaya. Aliyepiga ofisini kwetu alimpata yeye kwanza, naye akamuunganisha na anayemtaka. Simu ikiharibika, aliyeitengeneza ni yeye. Alikuwa mhudumu na fundi, watu wawili kwenye kiti kimoja.

Kampuni yetu inatoa mizigo bandarini na uwanja wa ndege, na jengo lake liko Kipawa, ghorofa moja na ghala kwa nyuma. Mkurugenzi ni mjukuu wa mfanyabiashara wa Kiarabu aliyeanza na duka la vitambaa, na tabia ya duka haijamtoka: anapenda kuona kila mtu anafanya nini.

Mimi nilifika pale nikitokea Muscat. Niseme wazi, sina cha kuficha. Niliondoka nchini nikiwa mpiga debe stendi ya Ubungo, enzi ile mabasi ya mikoani yalipokuwa pale. Nilirudi na diploma ya mawasiliano ya simu na kompyuta, niliyoisomea jioni baada ya kuvuta nyaya mchana kutwa kwenye mahoteli ya watu. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Kazi niliyopewa Kipawa ilikuwa moja: kuunganisha kompyuta, mashine za kadi, faksi na saa ya mahudhurio na mtambo wa simu, viwe kitu kimoja. Mteja akipiga, faili lake lifunguke lenyewe kwenye kompyuta ya karani kabla karani hajasema karibu. Wengi waliiona ndoto. Mimi nilishaifanya mara tatu.

Mzee alinipokea kwa kuniangalia viatu.

"Diploma ya nini?" aliuliza.

"Mawasiliano, mzee."

"Mawasiliano na nani?"

Tangu siku hiyo aliniita Diploma. Sikuchukia. Nimeitwa majina mabaya zaidi kwa lugha nisizozijua.

Sauti yake ilikuwa ajabu ya pekee. Ana kwa ana aliongea Kiswahili cha bara, kizito, maneno yakitoka kama anayahesabu, na mara nyingi kwa ukali. Akishika simu, mtu mwingine alitokea. Sauti ililainika, lafudhi ikapotea, ukadhani unasikiliza mtangazaji wa taarifa ya habari aliyeamka na furaha. Wateja ambao hawajawahi kufika ofisini walijua wanaongea na kijana.

Kuna mama mmoja wa Kunduchi, mwagizaji wa nyavu na injini za boti, aliyefika siku moja amejifunga kanga mpya na amebeba samaki wa kukaanga kwenye kapu. Akasema amemletea kijana wa simu, maana amemhangaikia mzigo wake kwa wiki mbili bila kuchoka. Tukamwelekeza chini ya ngazi. Akachungulia, akamwona mzee na miwani yake iliyofungwa waya wa simu mahali pa mkono uliovunjika.

"Shikamoo babu. Kijana wa simu kaenda wapi?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

Mama akamtazama, akatutazama sisi tuliokuwa tumejazana ukumbini kusubiri.

"We babu ndo unaniambiaga 'usijali dada'?"

"Ndiye."

"Basi hebu sema nisikie."

Mzee akanyanyua mkono wa simu, akauweka sikioni, ndipo akasema, "Usijali dada." Bila mkono wa simu asingeweza. Mama alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Samaki aliwaacha, na tangu hapo kila akipiga alianza kwa kusema, "Nipe kijana wangu."

Mtu huyo mwenye sauti tamu hakupenda simu. Nyumbani kwake Temeke hakutumia simu yoyote. Binti yake alimnunulia ya mkononi, akaiacha kabatini. Nilimuuliza sababu. Akasema siku nzima anasikia watu wanagombana, wanadanganyana, wanabembelezana. Akifika nyumbani anataka kumwona mtu mdomo. Na ni kweli alisikia mengi. Laini zote zilipita mkononi mwake, na kwenye mitambo ile ya zamani mhudumu alikuwa na uwezo wa kuingia katikati ya mazungumzo. Alijua nani anahama kazi, nani ana nyumba ya pili, mzigo wa nani umekwama kwa sababu gani. Sikuwahi kusikia hata neno moja limetoka. Makarani walimpa soda, wakampa vitumbua, wakamkalisha. Alikula, akashukuru, akafunga mlango.

Sasa nije kwenye nyaya, maana hapo ndipo palipokuwa pazito.

Kila waya kwenye ukuta ule ulikuwa umefungwa kipande cha uzi wa sufu. Kijani, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau. Mke wake hufuma vitambaa vya makochi, na mabaki ya sufu mzee aliyaleta kazini kutambulisha nyaya. Hapakuwa na mchoro wala orodha. Nilipoona rangi nilifurahi. Mtu wa kazi yangu akiona rangi anasoma: nyekundu usiguse, kijani pita. Niliitafutia modemu ya mashine ya kadi, kile kidude kinachozungumza na benki kwa laini ya simu, mahali pa kuingia, nikachagua waya wenye uzi wa kijani, nikachomeka. Taa ya modemu iliwaka, ikazima, pakaja harufu ya plastiki.

Mtambo wetu ulikuwa na laini za aina mbili. Za kawaida, ambazo modemu inazipenda, na za mtambo wenyewe, zenye umeme ambao modemu haihimili. Niliingiza kwenye aina ya pili. Nilikwenda mwenyewe kwa mkurugenzi nikamwambia nimeiua mimi. Kisha nikashuka chini ya ngazi.

"Mzee, kijani si ndiyo salama?"

"Nani kakuambia?"

"Kijani mahali pote ni salama."

"Kijani ni mwaka wa harusi ya binti yangu," alisema. "Mama yao alifuma vitambaa vya kijani vya sherehe, mabaki yakawa mengi. Mwaka huo ndo tulileta simu kubwa za wakuu wa idara. Zile hazitaki modemu. Ungeniuliza."

Ndivyo nilivyogundua kwamba rangi zile hazikuwa na mpango wowote isipokuwa maisha ya nyumba yao. Nyeusi ulikuwa mwaka mkewe alipofiwa na dada yake, akawa hafumi rangi nyingine. Mwaka huo ndipo mhasibu alipofungiwa simu. Njano ni mwaka wa sufu kuadimika, mkewe akinunua yoyote aliyoiona, na waya wa faksi ulivutwa miezi hiyo. Hakuna kitabu ambacho kingenisaidia, na nimesoma vitabu. Mtu pekee aliyeweza kusoma ukuta ule ni mume wa mfumaji.

Naye alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Umri wa kustaafu ulishampita. Hakuwa na mkataba wa maandishi. Marehemu baba yake mkurugenzi alimwambia kaa mpaka utakapochoka, na mtoto aliendelea hivyo hivyo. Makarani walishamwomba mchoro mara nyingi. Aliwajibu kalamu imeisha wino. Mimi nilipomwomba hakunipa jibu la kalamu. Alifunga mlango, jambo lililotulazimu kusimama karibu sana, akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Nikikuandikisha hizi zote, Diploma, mimi hapa nabaki kama nani?"

"Unabaki Mzee wa Swichibodi."

"Na kompyuta ikijua kila waya?"

"Kompyuta haimwambii mama wa Kunduchi usijali dada."

Hakucheka. "Nyumbani nikafanye nini mie? Nikamsaidie kufuma?"

Nikamwahidi. Sikumwahidi kwa kumtega, niliamini. Nilikuwa na jina pale, mkurugenzi alinisikiliza, kazi yangu ilisifiwa kwenye vikao. Nilimwambia, "Mzee, mradi huu ni wangu. Mradi ukiwa wangu, huondoki."

Akafungua mlango, akakaa. "Lete daftari."

Ilituchukua siku tisa. Alikuwa akishika uzi kwa vidole viwili, anafumba macho, anaanza na habari ya nyumbani kwanza, ndipo anafika kwenye waya. Zambarau: mtoto wa pili alifeli mtihani, mama akafuma usiku na mchana asiseme na mtu, waya unakwenda chumba cha mikutano. Nyekundu yenye fundo: tulihamia Temeke, waya unakwenda ghalani, upande wa kushoto. Nilijaza daftari zima. Wakati mwingine alinishika mkono nisiandike. "Hiyo ya mtihani usiandike. Andika chumba cha mikutano."

Sheria zake za kazi zilikuwa chache, na nilizichukua zote. Sikiliza kwanza, ndipo ukate. Usifunge waya ukiwa na njaa. Simu ikilia mara tatu, mtu upande wa pili ameshaanza kukuchukia. Hiyo ya tatu aliishi nayo. Sikuwahi kusikia sifuri ikilia mara ya tatu, hata siku alipokuwa na homa, hata alipokuwa na andazi mdomoni.

Kazi ilifanyika Jumamosi na Jumapili, mchana, ofisi ikiwa tupu. Mzee alivaa shati lake la kanisani. Nilitoa mtambo wa zamani, nikaweka mpya, nikaunganisha kompyuta zote, na mashine za kadi kila moja mahali pake. Jumatatu asubuhi mteja wa kwanza alipiga na faili lake likafunguka kwenye kioo. Karani alipiga makofi. Hakuna kilichoungua. Naweza kusema bila haya kwamba sijaona ofisi nyingine Kipawa iliyofungwa vizuri vile, na nusu ya uzuri ule ilitoka kwenye daftari.

Mtambo mpya unapokea simu wenyewe. Tulihitaji sauti ya kukaribisha, nikarekodi yangu: karibu, kwa mizigo ya bandarini bonyeza moja, kwa mizigo ya ndege bonyeza mbili, kuzungumza na mhudumu bonyeza sifuri. Sifuri niliiacha kwa mzee. Kwangu hesabu ilikuwa sawa: mashine ishike kazi ya kuchosha, yeye ashike watu.

Mwezi wa pili tangu mtambo mpya uwashwe, mkurugenzi aliniita. Mezani palikuwa na karatasi zangu za mwanzo, zile nilizoombea kazi. Alikuwa amepigia mstari sentensi moja.

"Hapa umeandika, mfumo usiohitaji mhudumu."

"Ndiyo bosi, lakini ilikuwa—"

"Unahitaji au hauhitaji?"

Nilieleza. Nilisema mfumo hauhitaji, ila wateja wanahitaji. Nilisema habari ya mama wa Kunduchi. Nilisema mzee ndiye aliyetupa ramani yote, na kwamba nilimpa neno langu. Alinisikiliza kwa adabu, maana ni mtu wa adabu.

"Umempa neno lako," alisema. "Mimi sikumpa. Na ramani si tunayo?"

Nilikuwa na diploma, nilikuwa na mtambo unaofanya kazi, na sikuwa na sentensi nyingine. Ile yangu ilikuwa nzuri mno, ilishauza kila kitu.

Walimuaga kwa heshima. Keki, saa ya ukutani, hotuba. Mzee alisimama kutoa shukrani na hakuweza kutoa zaidi ya maneno manne, kwa lafudhi yake nzito. Hakukuwa na mkono wa simu wa kushika. Akaja kwangu na ufunguo wa chumba cha chini ya ngazi. Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Hakunilaumu.

"Shika," alisema. "Mitambo yako imo humo. Joto likizidi fungua dirisha la juu."

Kuhusu sifuri nilizunguka ofisi nzima. Karani wa mapokezi alisema si kazi yake. Wa mizigo ya ndege alisema ana simu zake zinamtosha. Mlinzi alisema yeye ni wa kampuni nyingine. Mtambo hautaki sifuri ielekee hewani, lazima iishie kwenye simu fulani, kwa hiyo niliiacha palepale, kwenye meza ya mzee, kwa muda tu mpaka apatikane mtu. Nikafunga mlango. Wateja baada ya wiki chache walizoea moja na mbili.

Kwenye kumbukumbu za mtambo kukawa na kitu kidogo kinachonisumbua. Kila asubuhi, saa moja na nusu, simu kutoka nje iliingia, ikabonyeza sifuri, ikaita mpaka ikakatika yenyewe. Namba ya mkononi, ileile kila siku. Nilidhani ni mashine ya mtu imekosewa kupangwa, maana binadamu hachoki vile. Nikaiandika kwenye orodha ya hitilafu ndogo, za kushughulikia nikipata nafasi.

Ilikaribia mwaka ndipo nilipokwenda kumwona. Nilikuwa na safari ya ghala letu la Temeke asubuhi, nikasema nipite kwake mapema na sukari na mkate. Mkewe alinifungulia, mwanamke mdogo wa umbo, kitambaa cha kufuma kikining'inia begani.

"Karibu mwanangu. Kumbe ndo wewe," alisema, akashusha sauti. "Niambie, watamwita lini? Maana shati kila siku anapiga pasi."

Nikamkabidhi sukari na mkate. Mzee alikuwa sebuleni, shati limenyooka, kalamu mfukoni, miwani na waya wake. Nikamwamkia. Aliitikia, akaniangalia viatu, akatabasamu kama mtu aliyeshinda kitu.

"Nilijua utakuja, Diploma. Ni ule wa sufu nyeupe, si ndiyo?"

Niliukumbuka. Waya mmoja, uzi mweupe, mafundo matatu, haumo kwenye daftari. Niliukuta wakati wa usafi. Upande wa pili uliishia ghalani kwenye ukuta mtupu. Niliukata mwezi ule ule alioondoka, na hakuna aliyepiga kelele.

"Ule niliuruka makusudi," alisema. "Nisamehe. Nilisema mmoja nibaki nao, siku mkikwama mnanifuata. Mmechukua muda."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni.

"Ndiyo mzee," nilisema. "Tumekwama."

Akanikalisha. Akaniambia nitoe daftari, nikatoa. Akafumba macho. Nyeupe, alisema, ni mwaka mama alipofumia kanisa kitambaa cha madhabahu, akakataa kugusa rangi nyingine mpaka amalize. Waya unakwenda kwenye mzani mkubwa wa ghalani. Mzani ulikuwa ukituma uzito wa mzigo kwa simu mpaka kwa karani, kabla hamjawa na kompyuta zenu. Ukiunganisha vibaya uzito unakuja kichwa chini. Akanieleza upande wa kuanzia, akanieleza fundo la pili maana yake nini. Niliandika yote, kurasa mbili na nusu. Mzani ule uliuzwa kama chuma chakavu kabla sijarudi nchini.

Katikati ya maelezo alinyanyua kidole, ninyamaze. Aliangalia saa ya ukutani, ile tuliyompa: saa moja na nusu. Akavuta simu ya mkononi, ile ya binti yake, akabonyeza, akaiweka mezani sauti ikiwa wazi ili nami nisikie.

Niliisikia sauti yangu mwenyewe ikimkaribisha. Mizigo ya bandarini, moja. Mizigo ya ndege, mbili. Mzee alisubiri kwa adabu nimalize, kisha akabonyeza sifuri.

Ikaanza kuita. Niliiona meza, niliuona mkono wa simu, dirisha la juu lililofungwa. Ikalia mara ya tatu. Ufunguo wa kile chumba ulikuwa mfukoni mwangu, umenichoma paja tangu nilipoketi. Mkewe aligeuka akaenda jikoni. Sisi wawili tuliisikiliza mpaka ikakatika yenyewe.

"Nzima," alisema mzee, akaikunja miwani. Kisha akanisukumia daftari langu mikononi. "Inuka sasa, uwahi kazini. Siku hizi mnachelewa sana kupokea."